Nani anabeba kodi ya chapati? Jibu kwa msomaji wa Mbagala

Swali nililoletewa ni hili, nalifupisha kidogo tu: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, nimepanga chumba na sebule Mbagala Kizuiani, na asubuhi nauza chai, chapati na maharage. Kila nikiwasha redio nasikia kwamba sisi wadogo hatulipi kodi. Lakini nikinunua umeme nakatwa, nikimtumia mama yangu hela Rufiji nakatwa, na mwaka huu nimeambiwa kodi yangu ni 250,000. Mdogo wangu ameajiriwa dukani Kariakoo kwa 300,000 kwa mwezi na hakatwi kodi hata senti. Mama yangu ana miaka 74 na hana pensheni, wakati mama mdogo aliyeolewa Unguja anapata kila mwezi. Je, hii ni haki? Na kama mfumo unaweza kurekebishwa, waanzie wapi?"

Marahaba, mama. Barua yako imefunga maswali manne katika kitambaa kimoja, nami nitayafungua yote, ingawa sitayapa nafasi sawa kwa sababu uzito wake si sawa. Naanza na lile ulilolitaja kwa kupita, la kwamba watu wadogo hawalipi kodi, kwa kuwa likiachwa hivyo hivyo linaharibu hesabu zote zinazofuata.

Ukienda kwa Mangi, mwenye duka la mtaani, kununua mche wa sabuni hupewi risiti yenye Kodi ya Ongezeko la Thamani, ile tunayoiita VAT, na Mangi mwenyewe hajasajiliwa kuikusanya, maana tangu mwaka 2023 usajili wa lazima unamhusu mwenye mauzo ya shilingi milioni 200 kwa mwaka. Hata hivyo kodi imo ndani ya sabuni. Kiwanda kilimtoza msambazaji asilimia 18, na kwa kuwa Mangi hana mahali pa kuidai irudi, ameiingiza katika bei na kukukabidhi wewe. Kwenye vocha mambo ni wazi zaidi kwa anayepiga hesabu: huduma za simu zina ushuru wa bidhaa wa asilimia 17, kisha VAT ya asilimia 18 inakaa juu ya jumla hiyo, kwa hiyo katika vocha ya 1,000 kama shilingi 275 zinakwenda serikalini kabla hujasema "haloo". Kodi hizi hazina fomu, hazina foleni wala dirisha la malalamiko, na ndiyo maana anayezilipa huhesabiwa kuwa hajalipa.

Wachumi waliochambua takwimu za Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa mwaka 2011/12 walikuta jambo ambalo lilipaswa kutikisa mijadala ya bajeti kuliko lilivyotikisa. Kodi na matumizi ya serikali ya Tanzania vikijumlishwa vilipunguza pengo kati ya mwenye nacho na asiye nacho, na hilo ni jema. Lakini ukitazama fedha mkononi peke yake, idadi ya watu walio chini ya mstari wa umaskini ilikuwa kubwa baada ya serikali kutoza na kugawa kuliko kabla. Maana yake ni kwamba kaya nyingi za chini zililipa kupitia bidhaa zaidi ya zilichopokea kwa taslimu. Shule na zahanati ziliwafikia, ndiyo, ila mtu hapiki darasa jikoni. Tangu wakati huo ruzuku kwa kaya maskini imeongezeka, na tozo nazo zimeongezeka, kwa hiyo siwezi kuihamisha hesabu ile na kuipachika leo kama ilivyo. Lakini swali lenyewe, nani anabeba na nani anarudishiwa katika kaya ileile na mwezi uleule, ndilo nitakalolitumia kupimia kila kitu katika jibu hili.

Sasa njoo kwenye hiyo 250,000, ambayo kwangu ndiyo kiini cha barua yako.

Umeniandikia kwamba unauza wastani wa 25,000 kwa siku, siku kama 300 kwa mwaka, na kwamba ukitoa unga, maharage, mafuta, mkaa na maji unabaki na kama 8,000. Mauzo yako ya mwaka basi ni milioni 7.5, na faida ni milioni 2.4, yaani 200,000 kwa mwezi. Kodi ya makadirio kwa mfanyabiashara mdogo haitazami hiyo milioni 2.4. Inatazama mauzo. Mwenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka halipi. Kati ya milioni 4 na 7 analipa 100,000 kama hana kumbukumbu za biashara, au asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 4 kama anazo. Kati ya milioni 7 na 11 analipa 250,000 kama hana kumbukumbu, au 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7 kama anazo. Wewe umeangukia kundi hili la tatu bila daftari, na ndiyo maana umepewa 250,000. Kwa mauzo yaleyale, ukiwa na daftari, ungedaiwa 105,000.

Weka hiyo karibu na mshahara wa mdogo wako. Analipwa 300,000, asilimia 10 yake inakwenda NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inabaki 270,000, na hapo ndipo hasa unapoishia mshahara usiotozwa kodi. Yeye hapunjwi na wala hakwepi. Sheria imesema hivyo. Kwa mwaka mwajiriwa anaachiwa 3,240,000 za kipato bila kuguswa, wakati mfanyabiashara anaachiwa 4,000,000 za mauzo. Anayesoma namba hizo haraka haraka hudhani mfanyabiashara ndiye aliyependelewa. Lakini mauzo si kipato. Kwenye biashara yako, ambako katika kila shilingi mia unabaki na kama thelathini na mbili, ili upate faida ya 3,240,000 unahitaji kuuza kwa zaidi kidogo ya milioni 10. Muuza nafaka anayebaki na kumi katika mia angehitaji kuuza kwa zaidi ya milioni 32. Kwa maneno mengine, kama tungeamua kwamba mtu wa biashara na mtu wa mshahara wenye kipato sawa watendewe sawa, wewe usingedaiwa chochote, na muuza nafaka mwenye mauzo ya milioni 20, ambaye leo anahesabiwa kuwa mkubwa kwako, naye asingedaiwa.

Ninajua jibu litakalotolewa, kwa kuwa nimelisikia katika vikao vingi: biashara ndogo hazina vitabu, faida haionekani, mauzo ndiyo yanayoweza kukisiwa. Ni kweli. Dawa yake lakini si kumtoza asiye na faida. Ni kuweka makundi ya biashara, mama lishe peke yake, genge peke yake, saluni peke yake, kila moja na kiwango chake cha faida ya kawaida, na mstari wa chini wa mauzo ukapandishwa ulingane na ule wa mwajiriwa. Kazi hiyo inahitaji mtu akae barazani na akina mama wa Mbagala, Tandika na Manzese kwa wiki kadhaa akiwa na karatasi. Haihitaji mtambo wala mkopo. Ikumbukwe kwamba mwishoni mwa mwaka 2018, vitambulisho vya wajasiriamali wadogo vilipogawiwa kwa 20,000 kila kimoja, mstari uliotumika ulikuwa huohuo wa mauzo ya milioni 4. Unga haujakaa pale ulipokuwa 2018, na kila mwaka unaopita mstari ukiwa umesimama huingiza ndani watu ambao hawajatajirika hata kidogo, wamepandishiwa bei tu.

Ugonjwa huohuo unawagusa waajiriwa, wasije wakadhani nimewasahau. Mstari wa 270,000 uliwekwa mwaka 2020 na kiwango cha kwanza kikashushwa hadi asilimia 8 mwaka 2021, jambo lililostahili pongezi. Lakini mwaka 2025 kima cha chini cha mshahara serikalini kilipandishwa kutoka 370,000 hadi 500,000, na mstari ule haukusogea. Mfanyakazi wa ngazi ya chini kabisa wa umma analipa kodi ya mapato kila mwezi. Ni kiasi kidogo, ndiyo. Ila kima cha chini maana yake ni kile ambacho taifa limekubali kwamba chini yake mtu hawezi kuishi, na kukitoza kodi ya mapato ni kujikana.

Tuje kwenye umeme, maana hapo pana mambo mawili na wengi hulisema moja.

La kwanza ni kodi ya jengo. Tangu Agosti 2021 inakusanywa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Ilianza kwa 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila sakafu ya jengo la ghorofa, na tangu Julai 2023 ni 1,500 na 7,500. Kisheria ni kodi ya mwenye jengo. Katika nyumba yenu, ambayo umesema ina vyumba sita na mita moja na mwenye nyumba anaishi Tabata, atakayenunua umeme wa kwanza mwezi huo ndiye anayeilipa: anaweka 10,000, na umeme unahesabiwa kwa 8,500. Mkichangishana, mpangaji anamlipia mwenye mali kodi ya mali. Sasa tazama upande wa pili. Mimi ninaishi Kinyerezi, nyumba ya kawaida yenye ua, mti wa mwembe na mahali pa kuegesha gari mbili, na ninakatwa 1,500 ileile. Aliye na nyumba ya chini yenye bustani Masaki, karibu na bahari, naye 1,500. Kabla ya viwango mfuto, yaani kiasi kimoja kwa wote, majengo yaliyokwisha kuthaminiwa yalitozwa kwa sehemu ya thamani yake, na ingawa uthamini ulisuasua na makusanyo yalikuwa haba, angalau wazo lilikuwa sahihi. Babu zetu walitozwa na Wajerumani kodi ya kibanda, mwishoni mwa karne ya 19, kwa kuhesabu paa bila kuuliza chini ya paa kuna nini. Sikutarajia kuiona ikirudi kwa njia ya tokeni.

Marekebisho hapa ni rahisi kuliko mahali pengine popote, kwa kuwa mashine ya kukusanya ipo na inafanya kazi vizuri mno. Kinachotakiwa ni kila mita ibebe daraja la mtaa wake na aina ya jengo, hata kama ni madaraja matano tu kwa jiji zima, ili Masaki na Oysterbay ziache kulipa bei ya Kizuiani. Halafu nyumba za kupangisha vyumba zidaiwe kwa namba ya mwenye nyumba, si kwa mita. Huyo anajulikana, serikali ya mtaa inamjua hadi jina la mkewe.

La pili halizungumzwi sana, na linakugharimu zaidi ya hiyo 1,500. Kuna bei nafuu ya umeme kwa mtumiaji mdogo, kundi la D1: shilingi 100 kwa yuniti kabla ya kodi na tozo, kwa anayetumia yuniti zisizozidi 75 kwa mwezi. Kundi la kawaida, T1, ni shilingi 292. Bei ya D1 iliwekwa kwa ajili ya maskini, lakini inamtambua maskini kwa mita. Nyumba yenu yenye kaya sita, kila moja ikitumia yuniti 20 za taa, feni na redio, inafika 120, kwa hiyo wote sita mnahesabiwa kuwa mtumiaji mmoja mkubwa. Kwa yuniti zako 20 unalipa 5,840 kabla ya kodi. Ungekuwa na mita yako ungelipa 2,000. Wakati huohuo kijana anayeishi peke yake katika nyumba nzima, mita yake mwenyewe, anakula chakula cha mchana kazini na anatumia yuniti 60, anapata bei ya maskini. Simlaumu. Ila ruzuku inayomfuata yeye na kuziruka kaya sita za Kizuiani imepotea njia, na Dar es Salaam yenye watu 5,383,728 kwa sensa ya 2022, wengi wao wapangaji wa vyumba, ndiyo mahali inapopotea zaidi. Shirika la umeme likikubali kusajili idadi ya kaya nyuma ya kila mita, kwa barua ya serikali ya mtaa, kiwango cha 75 kingeweza kuzidishwa kwa idadi hiyo.

Kuhusu makato ya kumtumia mama hela nitasema kwa ufupi, kwa sababu historia yake inatia moyo kidogo. Tozo ya miamala ilianza Julai 2021 kwa shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala, watu wakapiga kelele, wengine wakarudi kutuma pesa kwa kondakta wa basi. Ikapunguzwa kwa asilimia 30 mwaka huohuo, ikashushwa tena 2022, na mwaka 2023 ile ya kutuma ikafutwa. Kwa hiyo unachokatwa unapotuma leo ni gharama ya mtandao na kodi zilizomo ndani yake. Ninachokitoa katika kisa kile ni kwamba pesa unayomtumia mama yako Rufiji ndiyo hifadhi ya jamii ya nchi hii. Ndiyo pensheni yake, bima yake na mfuko wake wa dharura. Kuitoza ni kuwatoza watu kwa kufanya kazi ambayo serikali haijaweza kuifanya.

Hapo utaniuliza, kwa nini basi tusifute tu VAT kwenye vitu vya maskini? Ninakusihi usiingie haraka katika kundi hilo, ingawa lina watu wema. Mwaka 2018 VAT ilifutwa kwenye taulo za kike. Bei madukani haikushuka kama ilivyokusudiwa, na mwaka uliofuata serikali ikaurudisha utozaji kwa hoja hiyohiyo, kwamba wanufaika walikuwa wafanyabiashara na si wasichana. Wengi tulikasirika, nami nikiwamo, lakini sehemu ya hoja ilikuwa kweli: msamaha unapotolewa kiwandani au bandarini unapita mikono mingi kabla ya kufika kwa Mangi, na kila mkono una kiganja. Vilevile bidhaa ikisamehewa, tajiri anayeinunua kwa wingi anapata msamaha mkubwa kuliko wewe unayepimiwa kwa kikombe. Vyakula visivyosindikwa havina VAT na viendelee hivyo, kwa kuwa hapo maskini hutumia sehemu kubwa mno ya kipato chake. Zaidi ya hapo, ningeacha kodi ibaki kwenye bidhaa na kurudisha pesa mkononi.

Tena misamaha iliyopo tayari haikuandikwa kwa ajili yako. Ada ya shule binafsi haina VAT, hata ile ya mamilioni kwa muhula. Matibabu hospitali binafsi hayana. Pango la nyumba ya kuishi halina, liwe la chumba chako au la nyumba ya upepo wa bahari. Sabuni yako ina asilimia 18. Sisemi tuwatoze wazazi wote wa shule za binafsi, kwani wengi wao ni walimu na makarani wanaojinyima, lakini ada iliyo juu ya kiwango fulani, na pango lililo juu ya kiwango fulani, sioni kwa nini visilipe kile inacholipa sabuni. Ugumu wake ni wa kisiasa: wanaoandika sheria, wanaozichambua na wanaozitangaza, tukiwamo sisi wenye miembe Kinyerezi, tunalipa ada hizo.

Sasa upande wa kurudisha, na mama yako.

Chombo kikuu tulichonacho ni TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii ulioanzishwa mwaka 2000, ambao tangu 2012 umeendesha mpango wa kunusuru kaya maskini. Mpango ulipanuka hadi kaya zaidi ya milioni moja, awamu ya pili ikazinduliwa Februari 2020, na umeleta matunda yanayopimika. Katika majaribio ya mwanzo huko Bagamoyo, Chamwino na Kibaha, kaya zilizopewa ruzuku zilionekana kununua viatu vya watoto, kufuga kuku na kujiunga na bima ya afya ya jamii zaidi ya kaya ambazo hazikupewa. Wale waliosema maskini akipewa pesa atazinywa walipata jibu lao. Wenye nguvu za kufanya kazi hupewa ajira za muda, na ujira ukapandishwa kutoka 2,300 hadi 3,000 kwa siku, kwa siku 60 za mwaka.

Udhaifu wake kwa mtu kama wewe uko katika namna ya kuchagua. Mkutano wa kijiji au mtaa unataja kaya, kisha dodoso linapima umaskini kwa vitu vinavyoonekana: paa, sakafu, choo, mali za ndani. Kijijini kipimo hicho kinafanya kazi kwa kiasi. Mbagala mpangaji anakanyaga sakafu ya saruji isiyo yake, analala chini ya bati lisilo lake, ana umeme, ana simu, na dodoso linasoma kwamba hali yake ni nzuri. Utafiti wa kaya wa 2017/18 uliweka mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi kwenye 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, na ukakuta asilimia 26.4 ya Watanzania Bara wako chini yake, lakini Dar es Salaam asilimia 8 tu. Gawanya 200,000 zako kwa watu wanne wa kaya yako: ni 50,000, kwa bei za miaka mingi baadaye. Hata tukikumbuka kwamba mtoto huhesabiwa chini ya mtu mzima, umesimama pale ambapo homa ya wiki moja inakuangusha, na hakuna orodha iliyokuandika.

Ndiyo maana, kwa upande wa wazee, ninaunga mkono njia ya Zanzibar. Kuanzia Aprili 2016 kila mkazi aliyetimiza miaka 70 alianza kupewa 20,000 kwa mwezi, baadaye ikawa 50,000, bila dodoso la paa wala mkutano wa kumjadili. Mama yako mdogo haipati kwa sababu ni maskini kuliko dada yake. Anaipata kwa sababu ya umri na makazi. Na hapo pana faida ambayo haionekani kwenye karatasi ya bajeti: hakuna anayepaswa kujidhalilisha mbele ya majirani ili ahesabiwe. Gharama yake Bara inaweza kukadiriwa na yeyote mwenye kalamu. Kila wazee milioni moja wakilipwa 20,000 kwa mwezi ni shilingi bilioni 240 kwa mwaka. Bajeti ya 2025/26 ilikuwa trilioni 56.49, kwa hiyo ni chini ya nusu ya asilimia moja. Sisemi ni hela ndogo katika nchi ambayo makusanyo ya kodi ni kama asilimia 13 tu ya pato la taifa. Nasema inaingia kwenye hesabu, na ada na mapango niliyoyataja juu ni mahali pa kuanzia kuitafuta. Ningependa pia ilipwe kwa fedha zetu wenyewe, kwa sababu sehemu kubwa ya ruzuku ya TASAF imetegemea mikopo ya Benki ya Dunia na wahisani, na kinachotegemea mkopo huja kwa awamu, wakati mzee hali kwa awamu.

Elimu bila ada, iliyoanza 2016 hadi kidato cha nne na 2022 ikafika cha sita, nayo ni marejesho makubwa kwa kaya yenye watoto watatu, na kila mchango wa lazima unaochomekwa shuleni unaikata sehemu yake. Kuhusu mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu, sitaiweka kwenye fungu hili. Mkopo hurudishwa.

Umeuliza waanzie wapi. Oktoba 2024 ilizinduliwa Tume ya Rais ya kutathmini maboresho ya kodi, chini ya uenyekiti wa Balozi Ombeni Sefue, na mapendekezo ya wananchi yalikuwa mengi. Mimi kama ningepewa nafasi ya kusogeza mawe matatu tu, la kwanza lingekuwa mstari wa mauzo kwa wafanyabiashara wadogo ufungwe kwenye mstari wa mshahara, na yote miwili ipande yenyewe kila mwaka kufuata bei, bila kusubiri huruma ya bajeti. Hilo ni la mwaka huu, na linalopotea hazina ni dogo ukitoa gharama ya kuwafukuzia watu wa chapati. La pili ni madaraja ya kodi ya jengo. La tatu, ambalo linahitaji miaka miwili au mitatu ya maandalizi, ni pensheni ya wazee, wakianza wa miaka 70. Bei ya umeme kwa nyumba za vyumba haihitaji hata bunge.

Wakati hayo yanasubiriwa, kuna mawili unayoyaweza wiki hii. Nunua kaunta buku, andika kila jioni mauzo ya siku na manunuzi, utunze na vipande vya risiti za unga na mafuta. Daftari hilo kwa mauzo yako lina thamani ya 145,000 mwakani, na ukikadiriwa tena nenda nalo, usiende na maneno. Na zile tokeni zenye makato ya kodi ya jengo, piga picha ujumbe wa kila mwezi, kisha siku ya kulipa pango la miezi sita mwonyeshe mwenye nyumba mpunguziane 9,000. Nikiisoma barua yako vizuri naona kwamba mnachangia LUKU kwa zamu, na zamu ya tarehe moja imekuwa yako tangu Januari. Badilishaneni.